Siku EIGHT iliponichezea shere

Nilikuwa nimeshinda Wordle, ule mchezo wa mtandaoni wa kukisia kila siku neno moja la Kiingereza la herufi tano kwa majaribio sita, siku 61 mfululizo. Siku ya 62, jaribio la pili tu, nikaandika LIGHT na visanduku vinne vya mwisho vikawa kijani, yaani herufi sahihi mahali sahihi. Nikacheka peke yangu, maana ilibaki herufi moja ya mwanzo. NIGHT, silo. MIGHT, silo. FIGHT, silo. Jasho likaanza kunitoka. SIGHT. Majaribio sita yakaisha, mchezo ukanionyesha jibu: EIGHT.

Neno lenyewe nalijua tangu najifunza kuhesabu! Sikulifikiria kwa sababu nilikuwa natafuta kwa sikio. Light, night, fight, yote yanaimba sauti moja, na eight haliimbi nayo. Kwenye karatasi ni ndugu wa tumbo moja, mdomoni hawajuani. Sisi tuliozoea Kiswahili, ambacho unakiandika jinsi unavyokisikia, tunanaswa hapo kila mara.

Kwa hiyo ukitafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani na urefu fulani, yatafute kwa jicho. Andika kiunzi kwenye karatasi, _IGHT, kisha pitisha alfabeti nzima kwenye ile nafasi, A hadi Z, bila kuruka irabu. Mimi niliruka E kwa kuwa akili ilishaamua kwamba mwanzoni lazima ikae konsonanti.

Halafu kuna hesabu ambayo ingeniokoa siku ile. Baada ya LIGHT, yalibaki eight, fight, might, night, right, sight na tight: maneno saba, majaribio manne. Kuyajaribu moja moja ni kamari. Ningetumia jaribio moja kuandika neno ninalojua kabisa silo jibu: TERMS. Angalia linavyofanya kazi. E ikiwa njano, yaani imo kwenye neno ila si mahali pake, jibu ni eight. R ikiwa njano, right. M, might. S, sight. T ya mwanzo ikiwa kijani, ni tight. Na kama zote nne, E, R, M na S, ni kijivu, yaani hazimo, na T imebaki njano tu, imebaki fight au night, nawe bado una majaribio matatu mkononi. Mchezo una hali ngumu inayokulazimisha kutumia kila herufi uliyokwisha kuipata, na humo ujanja huu haukubaliki. Mimi siichezi hali hiyo, wala sioni haya.

Mtego wa namna hiyo uko pia kwenye _OUND (bound, found, hound, mound, pound, round, sound, wound) na kwenye _ATCH. Ukiona kijani nne mapema, usishangilie.

Zamani nilikuwa naanza na ADIEU, irabu nne kwa mpigo. Ni tamaa ya Mswahili, kwetu silabi haisimami vizuri bila irabu. Lakini kuambiwa kwamba neno la Kiingereza lina E na A ni kama kuambiwa mchuzi una chumvi. Kinachofichua neno ni konsonanti zinavyoshikana: ST mwanzoni, CK mwishoni, TCH, GHT. Siku hizi naanza na SLATE, na herufi zake hizohizo ukizipanga upya zinakupa stale, steal, least na tales.

Tukiwa kwenye kupanga upya: angel (malaika) na angle (pembe) zina herufi zilezile tano, na niliwahi kuandika kwenye zoezi la hesabu kuhusu malaika wa digrii 90. Hayo ya jozi yaandike pamoja, kila moja na sentensi yake.

Mambo madogo yaliyonifaa: Q karibu kila mara hufuatwa na U. Kiingereza hakipendi neno liishie na V, kwa hiyo V ikikaa nafasi ya nne mara nyingi E inafuata, kama solve, nerve, glove. Usipoona irabu yoyote, mkumbuke Y: nymph, crypt, lymph. Na herufi inaweza kurudi mara tatu. Mummy limewaliza wengi.

Orodha ndefu zinazokupa maneno yote yenye herufi fulani sizikatai, ila zisome baada ya kuhangaika mwenyewe, na usizikariri. Josh Wardle, mtunzi wa mchezo huu, alipoitoa Wordle kwa umma Oktoba 2021, mwenzi wake alikuwa ameshachuja maneno takriban 12,000 ya herufi tano yakabaki kama 2,500, yale ambayo yeye mwenyewe aliyatambua. Hata baada ya gazeti la New York Times kuununua mchezo Januari 2022, majibu yameendelea kuwa maneno ya kawaida kwa sehemu kubwa. Sina sababu ya kupoteza usiku kwa neno ambalo Mwingereza mwenyewe halijui.

Ninachokariri ni daftari langu. Kila ukurasa una kiunzi kimoja juu, na kando ya kila neno naandika sauti yake kwa herufi za Kiswahili. Ukurasa wa _IGHT, eight nimelizungushia wino mwekundu: eit. Ukurasa ninaourudia zaidi ni wa _OUGH. Cough, kof. Rough, raf. Tough, taf. Dough, do. Bough, bau.