Vitamini B na mawazo ya kazi

Dada, umeuliza kama vidonge vya vitamini B kompleksi, yaani mchanganyiko wa vitamini za kundi B, vitakuondolea uchovu na mawazo ya kazini. Vitakusaidia kama mwilini umepungukiwa. Vitamini hizi huuwezesha mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, na ubongo unahitaji B6, B12 na foleti (vitamini B9) kutengeneza kemikali zinazogusa usingizi na hali ya moyo. Lakini mawazo ya kodi na marejesho ya mkopo hayaishi kwa kidonge.

Mimi ningeanza na sahani. Sembe imekobolewa, pumba na kiini chenye vitamini B nyingi vimebaki mashineni. Rudi kwenye dona, au ugali wetu wa uwele kwa mlenda uliotiwa karanga. Ila B12 huipati kwenye mboga: tafuta maini, mayai, maziwa, dagaa. Kama unatumia metformin ya kisukari, omba upimwe B12, maana dawa hiyo huweza kuishusha.

Ukimeza vidonge mkojo ukawa njano kali, hiyo ni B2, usiogope. B6 ndiyo ya kuangalia: dozi kubwa kwa muda mrefu huumiza neva. Ukihisi ganzi miguuni, acha vidonge umwone daktari.