Anwani za mtandao kwenye mchezo wa saibapanki: anza na anayezigawa

Mkuu, swali lako limenigusa kwa sababu hayo yalinikuta. Unaendesha mchezo wa mezani wa saibapanki (hadithi za miji ya baadaye, teknolojia kali na udukuzi), wachezaji wako wawili ni watu wa IT, na kila ukiwapa anwani ya mtandao kama 412.77.903.15 wanaguna na utamu wa hadithi unakatika. Unataka muundo wa kubuni ambao utaaminika. Mimi ni fundi mitandao, na kundi letu hukutana Jumamosi jioni hapa Dar. Mji wetu wa mchezo uko kwenye pwani hii hii, mwaka 2091. Muundo wa anwani nimeubadilisha mara tatu, na huu wa sasa naupenda kweli, kwa hiyo nitakueleza ulivyokuja.

Wanachogunia ni hiki: anwani ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ina biti 32 (biti ni sifuri au moja), yaani vipande vinne vya biti nane nane, na kipande hakiwezi kuzidi 255. Waandaaji wa filamu wakati mwingine huvuka 255 makusudi ili wasiguse anwani ya mtu, kama Wamarekani wanavyotumia simu za 555 kwenye tamthilia zao. Lakini kwa mtu anayeshinda kwenye ruta, kifaa kinachoelekeza data mtandaoni, kuona 412 ni sawa na kuona tarehe 38 Machi.

Mimi nilijaribu njia ya pili nikakosea zaidi. Niliandika namba nne halali zilizonijia kichwani, nikazichapa kwenye karatasi ya wachezaji. Kijana mmoja akatoa simu, akaijaribu anwani hiyo palepale mezani kama iko hewani. Ikajibu. Kuna mtu mahali fulani duniani ambaye kifaa chake tulikuwa tunapanga kukivamia kwenye hadithi, na anwani yake iko mikononi mwa watu sita. Karatasi zile nilizikusanya usiku ule ule. Kama unataka IPv4 ya kweli, tumia kanda tatu zilizotengwa kwa ajili ya mifano kwenye maandishi: zinazoanza na 192.0.2, 198.51.100 na 203.0.113. Kwa IPv6, mfumo mpya wenye anwani ndefu, zinazoanza na 2001:db8. Kwa majina, yanayoishia na .test au .invalid, kwa sababu hayo hakuna wa kuyanunua. Kwa mchezo wa miaka hii, hizo zinatosha kabisa.

Kwa 2091 hazikunitosha, na nilichelewa kuelewa sababu. Nilikuwa naanza na namba, wakati anwani huanza na mtu anayeigawa. Tazama namba za simu za nchi zetu: Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257, Msumbiji 258. Na 259? Hiyo ilitengwa kwa ajili ya Zanzibar na haikuwahi kutumika. Leo Zanzibar iko ndani ya 255, kwa 024. Pengo moja tu kwenye orodha, lakini ndani yake kuna habari nzima ya mwaka 1964. Zaire ilikuwa na .zr kwenye majina ya intaneti. Nchi ikabadili jina 1997, ikaja .cd, na 2001 ile ya zamani ikafutwa. Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991, lakini .su yake bado inapokea majina mpaka leo. Hayo hakuna aliyekaa akayachora ili yapendeze. Yamebaki kama makovu, na macho ya mtu wa IT huyatafuta makovu hata kama mwenyewe hajui anayatafuta.

Nikajiuliza: katika mji wangu, nani anagawa? Nikachagua vituo vya mikongo ya baharini, kwa sababu hilo nalijua kwa mikono yangu. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar 2009, wa EASSy 2010, na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilipokatika yote miwili, wote tulio kwenye kazi hii tulijua siku hiyo nchi inaning'inia kwenye nini. Kwa hiyo kila anwani ya mji wangu inaanza na namba ya gati, mahali mkongo unapotokea majini. Ziko gati sita. Mwenye Gati 4 alifilisika miaka thelathini kabla ya hadithi kuanza, watu wakahamishiwa Gati 5, lakini anwani za 4 hazikufutwa. Atakayejibu kutoka kwenye 4/ ni mzee sana, au maskini sana, au anajificha.

Baada ya namba ya gati nikakwama kwenye jambo ambalo vitabu vya mitandao havikufundishi: mezani anwani husomwa kwa mdomo. IPv6 ina biti 128, vikundi vinane vya heksadesimali, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Jaribu kuwasomea watu sita, mmoja anatafuna karanga. "Ulisema b au d?" Hadithi imekufa. Wapo waliowahi kupendekeza anwani za kutamkika, zinaitwa proquint, ambapo 127.0.0.1 inasomeka lusab-babad. Wazo zuri, ila mdomo wetu utasema lusabu-babadi, tutapoteza mpaka kati ya maneno pale pale.

Lugha yetu inatupa kitu bora zaidi. Silabi zake nyingi huishia na irabu na huandikwa zinavyotamkwa. Nikachukua konsonanti 16: b, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, s, t, v, w, z. R nimeiacha kwa kuwa wengi wetu tunaichanganya na l. Y nimeiacha kwa kuwa inamezwa na i. Dh, th na gh zimetoka kwa sababu hiyo hiyo, maana mezani kwangu wapo wanaosema zahabu. Konsonanti 16 mara irabu 5 ni silabi 80. Silabi sita zinakupa anwani 262,144,000,000, zaidi ya mara 60 ya IPv4 yote, na hapo hujazidisha kwa gati. Anwani inasomeka hivi:

2/bamo-seki-tuja-6

Isome kwa sauti. Mtu wa chumba cha pili ataiandika bila kuuliza. (Silabi zikiungana mbilimbili zitakutolea matusi. Pitia orodha yako kabla hujachapa, hasa kama wapo watoto.)

Ile 6 ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu feki, nchi nzima ilijifunza kubonyeza *#06# kuona IMEI, namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Ya mwisho kati ya hizo haimtambulishi mtu wala simu; inakokotolewa kutokana na 14 za mbele, ili namba iliyokosewa ijulikane. Hesabu yake ni nzito kidogo kwa mezani, kwa hiyo yangu ni ya darasa la kwanza: a ni 1, e ni 2, i ni 3, o ni 4, u ni 5. Jumlisha irabu, chukua tarakimu ya mwisho. Bamo-seki-tuja ni 1, 4, 2, 3, 5, 1, jumla 16, andika 6. Ina udhaifu: ukibadilishana nafasi za irabu mbili haitagundua. Ya IMEI inazidisha tarakimu moja kwa mbili na kuruka inayofuata kwa ajili hiyo hiyo. Udhaifu huo niliuacha, mdukuzi naye apate pa kupenyea.

Kanuni hii sikuwaeleza wachezaji mwanzoni. Waliipata kikao cha tatu kutoka kwa karani mstaafu wa bandari ndani ya hadithi. Wiki tatu baadaye tajiri aliyewaajiri akawapa anwani ya kupeleka mzigo: 4/kito-wabe-nusa-8. Wale wawili wa IT walikuwa tayari wanabishana ni silaha gani wabebe. Dada mmoja, fundi cherehani, ambaye hajawahi kugusa ruta, alikuwa anahesabu vidole chini ya meza. Akasema taratibu, "Haifiki nane. Inatakiwa sita."

Meza ikanyamaza. Wakahesabu upya wote, mmoja mmoja. Kisha mmoja akasema aliyeibuni hii haijui kanuni ya bandari, kwa hiyo siyo mtu wa bandari, kwa hiyo tajiri katudanganya anatoka wapi. Mwingine akauliza kwa nini mwongo achague Gati 4, gati ambayo hakuna mtu ataenda kuikagua. Sikutupa dadu hata moja kwa dakika ishirini. Mzigo hawakuupeleka, waliufungua.