Krismasi ya Ismani, 1971

Mhariri, mmeuliza ni kesi gani ya mauaji ya zamani inayofaa kufundishwa shuleni. Sisi watu wa Iringa hatuna haja ya kutafuta: ni ya Mwamwindi. Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wetu, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Ismani, nje ya mji wa Iringa, akamkuta mkulima Said Mwamwindi shambani. Wakajibizana, Mwamwindi akampiga risasi. Akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe mpaka polisi mjini. Mahakama Kuu ilimhukumu kunyongwa, na akanyongwa.

Kwangu mauaji ni mauaji. Kleruu alikuwa mtumishi wa serikali na alikuwa na watu wake waliomlilia. Chuo cha ualimu kilipewa jina lake, na ni haki.

Ila namkumbuka bibi mzaa mama. Jioni moja tulikuwa tunapukuchua mahindi kwake Ismani, mjomba akalitaja jina la Mwamwindi kwa sauti ya kawaida tu. Bibi akanyanyuka, akaenda kufunga mlango. Akatia na komeo. Miaka mingi ilikuwa imepita, aliyehukumiwa alishazikwa, na nje hakukuwa na mtu. Akarudi kwenye jamvi, akashika gunzi, akawa anasukuma punje kwa kidole gumba bila kututazama. Mjomba akasema, "Lakini mama, si aliua?" Bibi akajibu, "Aliua. Na babu yenu alifyeka pori hili kwa mikono yake, akaja kuambiwa shamba ni la wote. Hilo nalo mliandike." Kisha akaagiza aletewe gunia jingine, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.

Hilo ndilo linalonikera katika swali lenu. Mkiifundisha kama kesi, mtaanzia kwenye bunduki. Ianzieni 1967, Mwalimu Nyerere aliposisitiza kwamba vijiji vya ujamaa, vya kuishi na kulima pamoja, viwe vya hiari. Halafu mwalimu wa darasa aeleze ilikuwaje miaka minne baadaye wakulima wa mahindi wa Ismani wakawa wanasukumwa kuingia humo, na nani alipimwa kwa idadi ya vijiji alivyoanzisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 watu wa vijijini nchi nzima walikuwa wanahamishwa.

Kwa hiyo ifundishwe? Nilidhani ningejibu ndiyo bila kusita. Sasa nasema isifundishwe shule ya msingi, wala Iringa isiwe ya kwanza, maana ndugu wa pande zote mbili bado wapo. Kidato cha tano na cha sita, sawa, mradi wazee wa Ismani waulizwe kwanza.