Anza na dakika kumi, dada yangu

Pole sana, dada. Umeuliza kama mazoezi na yoga vitakusaidia kwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, maana tangu biashara ianguke hulali, chakula hakipiti, na hata kutoka nje ni mzigo. Vinasaidia, kweli kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ila wewe hiyo namba iache kwanza. Anza na kumi.

Mimi yaliponikuta, nilikuwa navaa raba baada ya swala ya alfajiri, natembea hadi Raskazone, hapa Tanga, na kurudi. Siku za mwanzo nililia njia nzima. Nikaendelea hivyo hivyo.

Yoga haitaki ukumbi. Tandika mkeka, lala chali, weka kiganja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu hadi sita. Utakisikia kiganja kikishuka. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo nayo hutulia.

Lakini sonona ni ugonjwa. Ikipita wiki mbili uko vile vile, nenda hospitali ya Bombo ukaonane na daktari, na dawa ukipewa usiziache kwa sababu ya mazoezi. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje kukuche. Mwamshe mtu usiku huo huo.