Mkondo si wimbi, na planktoni si vimelea

SWALI: Nimesoma makala inayosema "mawimbi ya bahari huzunguka mlima ulio chini ya maji na kukusanya vimelea ambao ni chakula cha samaki." Mwenzangu anabisha kwamba maneno yamechanganywa. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Mwenzako. Nenda hapo mwaloni utazame ganda la muwa majini. Wimbi likija, ganda linapanda, linashuka, linabaki karibu palepale. Ukiliona linasogea upande mmoja taratibu hata ziwa likiwa shwari, huo ni mkondo. Wimbi hupita, mkondo huchukua. Kwa hiyo kinachozunguka mlima ule ni mkondo: maji yaliyo safarini yanagonga mlima na kupinda, mengine yanapanda kutoka kilindini na virutubisho vyake. Wingi ni mikondo, kama ya shule yenye mikondo miwili.

"Vimelea" ndilo kosa zito. Kumelea ni kuota juu ya kitu kingine, na kimelea humnyonya anayemhifadhi, kama minyoo ya tumboni. Makala ilikusudia planktoni, yaani vijimea na vijinyama vya majini, nazo hazimnyonyi mtu. Zinaelea tu, zinakwenda maji yanakozipeleka. Hata jina lake la asili ya Kigiriki lina maana ya kutangatanga. Ningependa tuunde neno letu kutokana na kuelea, ila "vielezi" walishatuwahi watu wa sarufi.

Hukuuliza, lakini nitalisema: zinaelea au wanaelea? Planktoni ni mchanganyiko wa vijimea na vijinyama, hivyo nikizitaja zote kwa pamoja husema zinaelea. Nikitaja vijinyama peke yao, husema planktoni wanyama wanapanda usiku kutafuta chakula na kushuka kunapokucha. Wakishukia juu ya mlima, kilele kinawazuia, na samaki wanawakuta hapohapo. Dagaa wenu wa ziwani nao hula planktoni wanyama, wa maji baridi.

Ila "mlima" uuache baharini. Kwa kawaida wataalamu hutaka uwe umeinuka kama mita 1,000 kutoka sakafu ya bahari, na Ziwa Victoria penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kitu. Chenu ni mwamba, na ule wa Bismarck, hapo Mwanza, umetoa kichwa nje kabisa.