Muulize Mwalimu: Mama aliyefungiwa mlango wa uchumi

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, nasoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) hapa Mwanza. Uchumi naupenda ila hesabu zinanitesa, muhula uliopita nimepata D. Kaka anasema asiyejua hesabu hawezi kuwa mchumi, eti niombe ualimu tu. Mama anachakata dagaa Igombe na ndiye anayenisomesha, sitaki kumpotezea hela. Je, yupo mchumi mkubwa aliyefeli hesabu?*
Binti wa Igombe

Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako ualimu si jalala. Nimeufanya mpaka nikastaafu na wanangu hawakulala njaa.

Aliyefeli simjui. Ninayemjua ni aliyenyimwa hesabu: Elinor Ostrom, Mmarekani, mzaliwa wa Los Angeles, 1933. Sekondari alitaka kusoma trigonometria, akaambiwa aachane nayo, maana msichana hakuruhusiwa ila awe na alama za juu kabisa kwenye aljebra na jiometri. Alimaliza shahada ya kwanza mwaka 1954, na kila alikoomba kazi swali lilikuwa moja: unajua kupiga taipu na hati mkato? Akajifunza hati mkato kwa njia ya posta. Hakuna bosi aliyewahi kumsomea barua aiandike, lakini miaka ya baadaye, akiwa mtafiti, ndiyo iliyomsaidia kunasa maneno ya watu aliowahoji. Hapo nilicheka peke yangu niliposoma.

Alipoomba kusomea udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikataliwa: huna hesabu. Akahamia sayansi ya siasa chuoni hapo hapo, na huko nako walimu walikaa kikao kikali wakalaumu kupokelewa kwa wanawake wanne katika darasa la watu arobaini. Mwaka 2009 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Oliver Williamson. Mwanamke wa kwanza kuipata.

Sasa usikimbilie kumwonyesha kaka yako gazeti kabla hujamaliza kusoma. Mwaka 1981, akiwa profesa tayari, Ostrom alikuwa Bielefeld, Ujerumani, akihudhuria masomo ya mchumi Reinhard Selten ya nadharia ya michezo, yaani kupima mtu ataamua nini akijua mwenzake naye anaamua, na hiyo ni hesabu tupu. Aliitumia kazini mpaka mwisho. Kwa hiyo tafuta mtu wa kukufundisha hesabu jioni, na kama darasani kwenu yupo anayezipenda, kaa naye dawati moja. D inapanda.

Ila kilichompa jina kilikuwa kwenda kuuliza watu. Utafiti wake wa udaktari, alioumaliza mwaka 1965, ulihusu visima vya pwani ya Los Angeles. Kila mwenye kisima alivuta maji alivyotaka, maji ya chini yakashuka, na ya bahari yakaanza kuingia. Kila mmoja alijua kwamba akipunguza peke yake, jirani atavuta fungu lake. Hatimaye wakaunda chama, wakagawana viwango kupitia mahakama, wakakubali kutozwa kodi kwa kila walichovuta, na fedha hizo zikalipia mstari wa visima vya kuingizia maji yasiyo na chumvi ardhini ili kuizuia bahari. Ostrom alihudhuria mikutano yao, akasoma kumbukumbu zao, akaona watu wenye ubinafsi wa kawaida kabisa wakikubaliana.

Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin aliandika kwamba mali ya wote lazima iharibiwe, isiposhikwa na serikali au kugawiwa watu binafsi. Wasomi wengi walipokea. Ostrom na wenzake katika Chuo Kikuu cha Indiana, alikofundisha, wakaanza kukusanya habari za mahali ambapo haikuwa hivyo. Kijiji cha Törbel, Uswisi, kiliweka sheria mwaka 1517: hupeleki malishoni ng'ombe zaidi ya unaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Msukuma yeyote aliyekulia kwenye ngitili, eneo linalofungwa mvua zikinyesha ili mifugo ipate nyasi kiangazi, hahitaji kueleweshwa hilo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wavuvi wa Alanya, Uturuki, waliochunguzwa na mtafiti Fikret Berkes. Waligombania sehemu nzuri za kutegea nyavu mpaka kupigana. Wakaziorodhesha sehemu zote, zikiwa zimeachana vya kutosha wavu wa huyu usizuie samaki wa yule, na kila Septemba wakapiga kura ya bahati nasibu nani aanzie wapi. Kila siku mtu alisogea sehemu moja mashariki, na kuanzia Januari walirudi kuelekea magharibi. Mwizi wa zamu hakuhitaji kutafutwa na doria, kwa sababu mwenye zamu alikuwa pale pale, macho yamemtoka.

Mama yangu alianika dagaa Kayenze. Nimeona matajiri wa mitumbwi wakishindwa kuelewana karabai, taa za kuvutia dagaa usiku, zikae umbali gani, na nimeona mwalo mwingine, yaani ufuko wa kushushia samaki, wakielewana bila karatasi yoyote. Kaulize Igombe wanafanyaje. Ukifika chuo utakuwa umewatangulia wenzako.

*Mwalimu, hayo ya wavuvi kujitungia sheria ni ya Ulaya. Sisi tuna BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia mwalo, lakini kokoro, wavu haramu wa kukokota, linavutwa usiku, na mwenye kokoro ni mtu wa kamati. Huyo mama yenu angesema nini?*
Mvuvi, Ukerewe

Ndugu yangu, angeanza kwa kukuuliza wewe. Hakusema wavuvi daima wanaweza. Aliwaonya sana wenye dawa moja kwa kila ugonjwa, iwe dawa hiyo ni serikali, soko au kamati ya kijiji.

Alichofanya ni kulinganisha walikofaulu na walikoshindwa, na mwaka 1990 akachapisha mambo manane yanayojirudia kwa waliodumu. Pima mwalo wenu kwa machache. Inajulikana nani ana haki ya kuvua na nani hana? Wavuvi wenyewe wanaweza kubadilisha sheria, au zinashuka tu kutoka juu? Anayelinda anawajibika kwenu, na mnaweza kumwondoa? Adhabu inaanza ndogo na kupanda, au ni kuchomewa nyavu siku ya kwanza? Hilo la mlinzi ndilo lililowaangusha ninyi. BMU nyingi zilizaliwa kwa maagizo, semina na posho, na kamati iliyozaliwa kwa posho huangalia aliko mlipa posho.

Kuna jambo la pili, ambalo si kosa lenu. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800 na nchi tatu. Mkilinda mazalia yenu vizuri, sangara atakayekua hapo atavuliwa na mtu wa mwalo mwingine. Ostrom alisema mali kubwa namna hiyo huhitaji ngazi juu ya ngazi, mwalo, wilaya, nchi, hadi nchi zote pamoja, na serikali itambue haki ya ngazi ya chini kujiamulia. Kwa hiyo doria haiondoki. Ila doria peke yake, bila mvuvi anayetoa taarifa kwa sababu wavu ni wake na zamu ni yake, itakamata kokoro Jumatatu na kulikuta tena Ijumaa.

*Mwalimu, nasikia Nobel ya uchumi si Nobel ya kweli. Na huyo mama alitajirika?*
Dereva wa hiace, Nyegezi

Wosia wa Alfred Nobel haukuutaja uchumi. Tuzo hii iliwekwa na benki kuu ya Sweden mwaka 1968, ikatolewa mara ya kwanza 1969. Inatolewa na akademia ile ile ya sayansi ya Sweden inayotoa ya fizikia, kwa hiyo mwenye kubisha abishe. Ya 2009 ilikuwa kronor, fedha za Sweden, milioni 10 kwa wawili. Fungu lake Ostrom alilipeleka chuoni, kwenye kituo cha utafiti alichokianzisha na mumewe Vincent mwaka 1973. Alifariki Juni 2012 kwa saratani ya kongosho, na Vincent akamfuata mwezi huo huo. Wanawake waliopata tuzo hiyo peke yao au na wenzao baada yake ni Esther Duflo, 2019, na Claudia Goldin, 2023.