Ficha Taa, Onesha Mwanga: Ushauri kwa Wanaopamba Makasha ya Kompyuta

Tangu nilipoweka hadharani picha za kasha la kompyuta nililomkabidhi hivi karibuni mteja wangu wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, ujumbe mwingi ninaoupokea unauliza jambo moja: taa zenyewe umezifunga wapi? Nimefurahi sana kuulizwa hivyo, kwa kuwa hilo ndilo nililolikusudia tangu mwanzo. Anayelitazama kasha lile anauona ubao mama (ule unaounganisha vifaa vyote vya kompyuta) na kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini) vikiwa ndani ya mwanga wa zambarau uliotulia, lakini hapati mahali pa kunyooshea kidole na kusema kwamba taa ni hii.

Swali hilohilo liliwahi kuniumiza. Nilipokuwa ninaanza kazi hii katika kibanda kidogo karibu na Jamatini, mteja mmoja aliniletea kasha lake nilipambe, nami nikatumia muda mwingi kuificha mikanda ya taa nyuma ya kingo za chuma, ili mwanga ugonge kwanza ukuta wa ndani ndipo urudi kwenye vifaa. Alipokuja kulichukua alisema mbele ya wateja wengine, kwa sauti ya juu, "Fundi, mbona taa sizioni? Hela yangu imekwenda wapi?" Nilijaribu kumweleza, hakunisikiliza. Alichukua mali yake bila kumalizia malipo, akaipeleka kwa fundi mwingine aliyebandika mkanda wa taa kuzunguka kioo chote, ukibadilika rangi kila baada ya muda mfupi. Fedha zile nimeshazisamehe. Maneno yale, yaliyosemwa mbele ya watu, bado yananichoma.

Hata hivyo sikubadili njia, na ninakushauri nawe usiibadili kwa kuogopa mteja. Kitone cha LED, yaani taa moja ndogo ya mkanda, kinapolielekea jicho moja kwa moja, jicho hujirekebisha kulingana na ukali wake, na vitu vyote vilivyo jirani vinaonekana vyeusi. Kwa hiyo mtu anayebandika mkanda mbele ya kioo anakuwa ameigharamia kadi nzuri ya michoro kisha akaifunika kwa giza. Fungua kasha, shika mkanda ukiwa unawaka, uutembeze taratibu nyuma ya kila ukingo huku mtu mwingine akiwa amekaa pale ambapo mwenye kompyuta atakaa. Mahali ambapo yeye anaona mwanga bila kuviona vitone, hapo ndipo pa kubandika. Kabla ya kubandika, futa chuma kwa spiriti na ukiache kikauke, kwa maana gundi ya mikanda hii haishiki juu ya vumbi wala mafuta ya vidole.

Kasha la Kisasa lilinipa nafasi ya kufanya jambo ambalo nilikuwa nikilitamani kwa muda mrefu. Mwenye kasha anatoka katika familia inayolima zabibu Hombolo, akaomba alama ya shamba lao ionekane ndani. Nilikwenda kwa mafundi wa mabango, nikanunua kipande cha akriliki angavu, plastiki ngumu inayofanana na kioo, kilichobaki katika kazi yao, nikakikata kitoshee sakafu ya kasha kwa kusimama wima. Kisha nikachora kichala cha zabibu kwa ncha ya sindano ngumu, nikikwaruza polepole upande wa nyuma ili uso wa mbele ubaki laini na rahisi kufutwa. Chini ya ukingo wa akriliki nikalaza mkanda wa taa, ukiwa umezibwa kwa utepe mweusi pande zote mbili. Mwanga ukiingia kupitia ukingo husafiri ndani ya akriliki ukigongagonga kuta zake bila kutoka, mpaka ufike penye mkwaruzo. Hapo ndipo unapochomoza. Kwa sababu hiyo, kipande kizima huonekana kama hakipo, na kichala peke yake ndicho kinachong'aa, punje kwa punje, pamoja na mishipa ya jani lake. Ukitaka kuandika maneno kwa njia hii, kumbuka kuyaandika yakiwa yamegeuzwa, kwa kuwa yatasomwa kutoka upande wa pili.

Ninasema bila kuona haya kwamba sijaona kasha jingine lililopambwa hivyo katika mji huu.

Sasa niseme kuhusu umeme, kwa kuwa hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza vifaa vyao. Mikanda inayotumika sana ni ya aina mbili. Ule wenye plagi ya pini 4 hutumia volti 12, na vitone vyake vyote huwaka rangi moja kwa wakati mmoja. Ule wa pini 3 hutumia volti 5, na kila kitone kinaweza kupewa rangi yake. Ukiuchomeka mkanda wa volti 5 kwenye volti 12 utauunguza, kwa hiyo soma maandishi yaliyo juu ya mkanda wenyewe badala ya kumtegemea muuzaji. Katika plagi ya Molex, ile ya pini nne inayotoka kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), waya wa njano ni wa volti 12, mwekundu ni wa volti 5, na miwili myeusi ni ya ardhi.

Fanya pia hesabu ya mzigo. Kitone kimoja cha aina ya WS2812B, inayotumika kwenye mikanda ya volti 5, kinapowaka nyeupe kwa nguvu yake yote hutumia takribani miliampea 60. Mita moja yenye vitone 60 itadai ampea 3.6, wakati pini nyingi za taa kwenye ubao mama huishia ampea 3. Mkanda mrefu upewe umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai, tena katika ncha zote mbili, la sivyo nyeupe ya mwishoni itageuka kuwa ya njano au nyekundu. Hiyo hutokea kwa sababu volti hupungua njiani, na sehemu ya buluu ndani ya kitone huhitaji volti kubwa kuliko sehemu nyekundu.

Kuhusu rangi nitakuwa mkali. Chagua moja, au mbili zikizidi, na upunguze mwanga hadi nusu au chini ya hapo. Jicho halitaona upungufu mkubwa kama unavyodhani, na kompyuta itaweza kutumika usiku bila kumchosha mtu. Vijana wenzangu, acheni kushindana kwa wingi wa rangi. Mteja akikuambia kwamba haoni taa, mzimie mwanga uone atakavyotambua kilichopungua, na umdai malipo yako kabla kasha halijatoka mlangoni.

Jambo jingine ni vumbi letu. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma hupuliza vumbi jekundu hadi ndani ya nyumba zilizofungwa, na mwanga wa pembeni huionesha kila chembe iliyotua juu ya feni. Weka feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kuliko za kuitoa, kila moja ikiwa na chujio, ili hewa iwe inasukumwa kutoka kwenye matundu madogo badala ya kuvutwa kupitia hapo. Katika miezi ya kiangazi toa machujio na uyaoshe mara kwa mara, uyaanike kivulini mpaka yakauke kabisa. Unapopuliza feni kwa hewa ya kubanwa, zishike mapanga kwa kidole zisizunguke. Akriliki ifutwe kwa kitambaa laini chenye maji tu, kwa kuwa spiriti huweza kuipasua nyufa ndogondogo, na kila ufa utawaka pamoja na mchoro.